Tuwinde kwa Nini?

Swali hili lina maana mbili katika lugha yetu, na tunataka kuziuliza zote mbili. Maana ya kwanza ni sababu: Mkristo ana haja gani ya kuingia porini kutafuta nyama? Maana ya pili ni chombo: akishaingia, ashike nini mkononi? Wengi wetu huona la kwanza kuwa ni swali la imani, na la pili kuwa ni swali la fundi au la muuza duka. Katika insha hii tutajaribu kuonyesha kwamba swali la chombo nalo ni swali la imani, na kwamba mara nyingine ndilo gumu zaidi.

Tunaliuliza kwa sababu linaulizwa kwetu. Katika sharika za Handeni na Korogwe vijana hukaa baada ya ibada wakizungumza habari za kanga, kwale, sungura na digidigi. Siku hizi limeongezeka jambo jipya katika mazungumzo hayo. Kwenye simu wameona wawindaji wa Marekani wakiwinda kindi na sungura kwa bastola ndogo ya risasi za .22, nao wanauliza: je, silaha ya namna hiyo si bora kuliko gobore la babu? Haina kishindo kikubwa, risasi zake ni nafuu, na haisambaratishi nyama. Wazee wengine hujibu kwa mkato kwamba mambo ya bunduki ni ya polisi na mambo ya wanyama ni ya maliasili, kanisa lisijiingize. Jibu hilo ni fupi mno. Kijana anayeuliza ashike silaha gani anauliza pia awe mtu wa namna gani, na swali hilo kanisa haliwezi kuliachia ofisi yoyote.

Je, kuwinda kwenyewe ni dhambi?

Tuanze na sababu. Maandiko hayamhukumu mwindaji kwa kuwa ni mwindaji. Katika Mwanzo 9 Mungu anampa Nuhu na wanawe ruhusa ya kula nyama. Isaka alipenda mawindo ya mwanawe, na hakuna neno la kumlaumu kwa hilo. Lakini kila mahali ruhusa hiyo inapotajwa, inakuja pamoja na mpaka. Nuhu anaambiwa asile nyama pamoja na damu, kwa maana damu ni uhai. Walawi 17:13 inamgusa mwindaji moja kwa moja: akimpata mnyama au ndege wa kuliwa, aimwage damu yake na kuifunika kwa mavumbi. Kumbukumbu la Torati 22:6-7 inamfikia mtu aliyekuta kiota njiani, na kumwambia asimchukue mama pamoja na makinda. Mama amwache aende zake.

Hatuko chini ya sheria hizo kama Waisraeli walivyokuwa. Lakini tuzitazame tupate hekima yake. Mwindaji yuko peke yake porini. Hakuna kuhani, hakuna jirani, hakuna mnunuzi. Hata hivyo anatakiwa asimame, ainame, achukue mavumbi na kufunika damu. Hapo anakumbushwa kwamba uhai alioutoa haukuwa wake. Vivyo hivyo aliyekuta kiota angeweza kubeba vyote wala asionekane na mtu. Anazuiwa na Mungu tu, basi. Kuwinda ni kazi inayofanyika pasipo mashahidi, na kwa hiyo inapima hofu ya Mungu ndani ya mtu kuliko kazi nyingi.

Bwana wetu naye alizungumza juu ya ndege wadogo. Katika Mathayo 10:29 anataja shomoro wawili wanaouzwa kwa sarafu ndogo. Shomoro hao walikuwa wamenaswa na mtu, wakapelekwa sokoni. Yesu hakumlaani aliyewanasa. Alisema tu kwamba hakuna hata mmoja anayeanguka pasipo Baba kujua. Neno hilo lilisemwa kuwafariji wanafunzi, lakini mwindaji akilisikia linamwekea pia mzigo: kila kanga aangukaye, na kila kanga aendaye kufia kichakani akiwa na jeraha, Baba anajua.

Kumbukumbu ya nchi yetu

Nchi hii nayo ina kumbukumbu yake ya mwindaji mwema. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, katika kitabu chake Habari za Wakilindi, alieleza habari za Mbega, aliyetoka Ngulu, upande wa Kilindi ya leo, wilaya iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002. Mbega alikuwa mwindaji wa nguruwe mwitu kwa mbwa na mikuki. Alipopanda milima ya Usambaa hakuwa na jeshi. Wenyeji walimpenda kwa sababu aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba yao, na kwa sababu nyama aliigawa. Mwishowe wakamfanya mtawala wao huko Vugha.

Hatusimulii habari hizi ili kumfanya Mbega kuwa mtakatifu. Tunasema tu kwamba wazee wetu, kabla ya kuisikia Injili, walijua tofauti kati ya mwindaji anayelisha watu na kulinda shamba, na mwindaji anayeua ili ajione. Walimheshimu wa kwanza. Kwa hiyo jibu letu kwa swali la sababu ni hili: Mkristo anaweza kuwinda ili ale, ili awalishe wengine, au ili shamba lisiliwe, mradi afuate sheria ya nchi. Kuwinda kwa ajili ya kujifurahisha na kifo hakuna nafasi kati yetu.

Sasa tuje kwenye chombo.

Vyombo vilivyo mbele yetu

Chombo cha kwanza ni mtego wa waya. Ndicho rahisi kuliko vyote. Waya wa breki ya baiskeli au uzi wa chuma uliotolewa kwenye tairi lililochomwa hufungwa kitanzi, hutegwa kwenye njia ya wanyama, na mwenyewe hurudi nyumbani kulala.

Cha pili ni gobore, bunduki inayoshindiliwa baruti kwa mdomoni pamoja na vipande vya chuma. Mengi yametengenezwa na wahunzi wa vijijini, na mengi hayana leseni.

Cha tatu ni bunduki ndefu ya marisau, ambayo wengi huiita shotgani. Risasi yake moja hubeba chembe nyingi za risasi zinazotawanyika, na ndiyo inayotumika sana kwa ndege.

Cha nne ni hicho wanachokiuliza vijana: silaha ya .22, na hasa bastola. Inafaa tueleze inavyofanya kazi, kwa kuwa hukumu ya haki huanza kwa kukijua kitu. Katika risasi za aina hii, dawa ya kuwasha baruti imewekwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, wala si katikati. Nyundo ya silaha huugonga ukingo, ukabonyea, dawa ikawaka. Ili ukingo uweze kubonyea, ganda lazima liwe jembamba, na ganda jembamba haliwezi kuhimili baruti yenye nguvu nyingi. Ndiyo sababu risasi hizi zimebaki kuwa ndogo na za bei nafuu. Aina yake inayojulikana zaidi, .22 Long Rifle, ilitokea Marekani mwaka 1887, na kichwa chake kina uzito wa gramu 2 na nusu hivi. Ni punje ndogo kuliko punje ya hindi.

Tutavipima vyombo hivi kwa maswali matatu. Kinamtendea nini mnyama? Kinamtendea nini jirani? Kinamtendea nini yule anayekishika?

Mnyama

Mithali 12:10 inasema kwamba mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake. Tunafahamu kwamba neno hilo linahusu mifugo. Lakini huruma inayoishia zizini si huruma, ni hesabu ya mali. Ikiwa mnyama ni lazima afe, haki inadai afe upesi.

Kwa kipimo hiki mtego wa waya ndio mbaya kuliko vyote. Mnyama aliyenaswa huvuta, na kadiri anavyovuta ndivyo waya unavyokata. Anaweza kuteseka usiku mzima na mchana wake. Mwenye mtego asipopita, nyama huoza, na uhai umetolewa bure. Tena mtego hauna macho. Unamkamata digidigi mwenye mimba sawasawa na dume, unamkamata mbwa wa jirani na mbuzi wa mjane. Turudi kwenye kile kiota cha Kumbukumbu la Torati. Aliyekuta kiota anaamriwa amwache mama aende. Waya hauwezi kumwacha mama aende. Amri ile haiwezekani kuitii kwa chombo hiki, hata mwenye chombo akiwa na moyo mwema. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza mitego ya namna hii pamoja na sumu na mashimo, na katika hili sheria ya serikali inakubaliana na dhamiri.

Gobore nalo hujeruhi sana. Kipande cha nondo hakiendi pale ulipolenga, na chombo chenyewe kinaweza kumpasukia mwenyewe usoni.

Je, bastola ya .22? Hapa tuwe wakweli, maana vijana wana hoja. Mtu hodari, akimkaribia mnyama mdogo kwa hatua chache na kupiga kichwa, mnyama hufa papo hapo na nyama hubaki salama. Kwa kipimo cha mateso, hilo ni jema kuliko waya mara nyingi. Lakini angalia neno lile: mtu hodari. Bunduki ndefu huegemea bega na shavu, na alama zake mbili za kulengea ziko mbalimbali, kwa hiyo kosa huonekana kabla ya kupiga. Bastola huning'inia mkononi, na mtutu wake ni kama shubiri moja. Kidole kikivuta vibaya kidogo tu, risasi inapita pembeni kabisa. Kichwa cha kanga ni kidogo kuliko yai la kuku, na hakitulii. Ukimkosa kichwa ukampiga tumbo kwa punje ile ndogo, haanguki. Anakimbilia kichakani na kufa huko baada ya muda mrefu, usimpate.

Wale wanaowinda vizuri kwa bastola wamefika hapo kwa kupiga shabaha kwenye makaratasi mara maelfu. Kwetu risasi huhesabiwa kwa leseni, na viwanja vya mazoezi haviko Kabuku wala Mombo. Basi kijana wa kwetu atafanyia wapi mazoezi? Atayafanyia juu ya mnyama. Hapo ndipo wepesi wa bastola unapogeuka kuwa ukatili. Huruma ina gharama ya mazoezi, na asiyeweza kulipa gharama hiyo asichague chombo kinachoidai.

Jirani

Swali la pili ni la jirani. Sheria ya Musa inamjali jirani hata katika mambo ya ujenzi. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza ajengaye nyumba aweke ukingo kwenye dari, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Kutoka 21:33 inamdai fidia aliyechimba shimo akaliacha wazi, ng'ombe au punda wa mwenzake akatumbukia. Katika mifano yote miwili hakuna aliyekusudia mabaya. Wanadaiwa kwa sababu walipaswa kufikiri kabla.

Punje ya .22 ni ndogo, na udogo wake unadanganya. Watengenezaji wenyewe huonya kwamba inaweza kufika kilomita 1 na nusu na hata zaidi. Ikigonga jiwe au ardhi ngumu huruka upande usiotazamiwa. Bastola haiipi nguvu yote ambayo bunduki ndefu huipa, lakini bado huipeleka mbali sana na pale jicho la mwindaji linapofika. Pori la Handeni si tupu. Yumo mama anayeokota kuni, mtoto anayechunga mbuzi, mchoma mkaa, mfugaji aliye safarini na ng'ombe wake. Korogwe kuna mashamba ya mkonge yenye wafanyakazi wanaokata majani tangu alfajiri, na kuna watu kando ya mto Pangani kila saa. Risasi iliyomkosa kanga haijakosa kila kitu.

Kwa kipimo hiki marisau madogo ya kupigia ndege yana nafuu, kwa kuwa chembe zake hupoteza nguvu ndani ya mita mia chache. Hayafanyi uzembe kuwa halali, lakini hayampi mzembe mkono wa kumfikia mtu aliye kijiji cha pili.

Kuna jambo jingine kuhusu jirani ambalo nchi hii ililijua kwa machozi. Katika karne ya 19 bunduki ziliingia kwa wingi kutoka pwani kwa njia ya biashara, pamoja na biashara ya pembe za ndovu. Silaha iliyomfuata ndovu haikukaa kwa ndovu. Huko Mazinde, katika Korogwe ya leo, Semboja, mmoja wa wana wa Kimweri ye Nyumbai, alijipatia nguvu kando ya njia ya misafara kwa bunduki na biashara ya watumwa. Nchi iliyoongozwa na uzao wa mwindaji aliyegawa nyama ikawa nchi ya watu kuwinda watu. Katika karne hiyo hiyo, kwa njaa na kwa utumwa, watu wa Uzigua walipelekwa kwa majahazi hadi Somalia. Vizazi vyao viliendelea kusema Kizigua huko, na vita vilipozuka Somalia mwaka 1991 wengine walikimbia na kurudi katika nchi ya mababu. Walipokewa Mkuyu na baadaye Chogo, hapa hapa Handeni. Watu hao walipelekwa mbali katika zama za bunduki, na bunduki zikawarudisha.

Hatusemi kwamba kijana anayetaka bastola ya kupigia kwale ni Semboja. Tunasema kwamba silaha haiulizi ilinunuliwa kwa kazi gani. Anayeichagua lazima afikiri juu ya kazi zote inazoweza kufanya, na zile zitakazofanywa na mwizi atakayeiiba na mtoto atakayeiona chini ya mto.

Nafsi

Hapa tunafika kwenye swali la tatu, ambalo kwetu ndilo lililoamua.

Bunduki ndefu haifichiki. Mtu akiibeba begani kupita njia ya kijiji, kila mtu anamwona, anajua anakwenda wapi, na akirudi anamuuliza amepata nini. Hivyo mwindaji huwa chini ya macho ya watu wake. Bastola huingia kiunoni chini ya shati. Huenda naye sokoni, kilabuni, kwenye kikao cha mirathi, na hata kanisani, wala hakuna ajuaye isipokuwa yeye. Tulisema mwanzoni kwamba uwindaji hufanyika pasipo mashahidi na kwamba hilo ndilo jaribu lake. Bastola inaliongeza jaribu hilo na kulileta nyumbani. Mtu aliyezoea kuwa na nguvu ya kuua karibu na mkono wake, kwa siri, ataanza kuhesabu mambo kwa nguvu hiyo. Ugomvi wa mpaka wa shamba hautakuwa tena ugomvi wa maneno. Hasira aliyokuwa akilala nayo na kuamka imepoa, sasa ina njia fupi.

Wengine watapinga hapa, na pingamizi lao lina uzito. Watasema: Bwana Yesu alifundisha katika Marko 7 kwamba uovu hutoka moyoni. Chuma hakina dhambi. Panga limeua watu wengi, na hakuna anayesema Mkristo asiwe na panga. Ni kweli. Lakini tukubali pia mwisho wa hoja hiyo. Ikiwa uovu hutoka moyoni, basi anayeujua moyo wake hauwekei karibu kila kitu. Kila siku tunaomba tuepushwe na majaribu. Si haki kuomba hivyo asubuhi kisha tukanunua jaribu mchana. Panga tunalo kwa sababu hatuwezi kulima bila panga. Lina kazi ya halali kila siku, na kazi hiyo haifanyiki vizuri kwa chombo kingine. Bastola ya kuwindia sungura haina udhuru huo, kwa maana sungura hupatikana kwa njia nyingine zilizo bora.

Utaratibu wa nchi unatusaidia kuliona hili. Anayeomba silaha anatakiwa aeleze sababu yake, na maombi yake hupita kwa viongozi wa kijiji au mtaa na kamati za usalama. Yaani walio karibu naye huulizwa kama ni mtu wa kuaminika. Wengi hulalamika kwamba utaratibu huu ni mrefu. Sisi tunaona ndani yake kanuni njema: silaha ya mtu mmoja ni jambo la majirani wote. Kadhalika, silaha iliyoruhusiwa kwa ulinzi wa duka haikuruhusiwa kwa kuwinda, na mnyama naye ana kibali chake, kinachotolewa na mamlaka ya wanyamapori. Anayesema uongo kwenye fomu ya maombi amekwisha kuanza kuwinda kwa dhambi kabla hajatoka nyumbani.

Kilio cha maskini

Limebaki pingamizi moja, na hili hatuwezi kulipita kwa haraka. Maskini atasema: mnazungumza habari za leseni na marisau, mimi nina watoto na mboga imekwisha. Mgeni mwenye fedha huja na kibali akapiga mnyama mkubwa apige na picha. Mimi nikikutwa na paja la swala bila kibali naweza kushtakiwa kwa uhujumu uchumi na kukaa gerezani miaka mingi. Haki iko wapi?

Kilio hiki ni cha kweli, na kanisa lisilokisikia halina haki ya kusema lolote juu ya waya. Lakini tukitazame vizuri. Bastola haimjibu maskini. Bei yake na masharti yake ni ya mwenye nacho. Anachokishika maskini ni waya, na waya unamwibia mara mbili: unamaliza wanyama ambao wajukuu wake wangewaona, na unamweka yeye mwenyewe mahali ambapo siku moja atachukuliwa na kuwaacha watoto wenye njaa zaidi. Kumwambia tu asitege ni nusu ya Injili. Nusu nyingine ni swali kwa usharika: mnafanya nini ili asilazimike?

Yako mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Mitetea mitano ya kuanzia, ikitolewa na jumuiya na kurudishwa kwa mtu mwingine baada ya kuzaliana, huleta nyama na mayai pasipo kesi. Sungura wa kufugwa huzaliana upesi na kula majani yaliyopo. Tangu mwaka 2020 kuna kanuni zinazoruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni, kwa hiyo anayetamani nyama ya pori ana njia ya wazi ya kuinunua. Na wakati mahindi yanapokomaa na nguruwe pori na ngedere wanaposhuka, tulinde mashamba kwa zamu, tukianza na shamba la mjane na la mgonjwa, na kumwita afisa wanyamapori panapozidi nguvu zetu. Heshima aliyopewa Mbega ilikuwa ya kulinda mashamba ya wengine. Heshima hiyo inapatikana hata leo, na haihitaji bastola.

Tunaloshika

Basi tuseme wazi tunaloshika. Mtego wa waya si chombo cha Mkristo. Anayeujua uliko autegue, hata kama si wake. Gobore lisilo na leseni, lililochomekwa darini tangu enzi za babu, lisalimishwe. Mara kadhaa katika miaka ya karibuni Jeshi la Polisi limetangaza muda wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, na mchungaji yeyote mwema atakubali kumsindikiza muumini anayeogopa kwenda peke yake. Bastola, ya .22 au nyingine, tusiichague kwa kuwindia. Mwenye kibali halali cha mnyama na silaha awinde kwa bunduki ndefu, kwa msimu wake, kwa idadi yake, kwa umbali ambao ana hakika nao. Akijeruhi amfuate mnyama hadi ampate, hata kiza kikiingia. Na asipokuwa na hakika na shabaha, ashushe mtutu.

Tunajua msimamo huu una gharama. Marisau nayo hujeruhi, na iko siku ambapo risasi moja ya .22 kutoka mkono hodari ingemuua mnyama kwa upole zaidi. Siku hiyo tumechagua usalama wa jirani na wa nafsi mbele ya upole kwa mnyama, na mnyama amelipa sehemu ya gharama ya udhaifu wetu. Hatuoni namna ya kuikwepa gharama hiyo kabisa. Ni sababu nyingine ya kuwinda mara chache, na kutowinda pale kuku anapotosha.

Kuna siku mwindaji atamwona kanga karibu, bila mtu wa kushuhudia, kibali kikiwa kimekwisha na watoto wakingoja nyumbani. Hapo hatakuwa na insha hii mkononi. Atakuwa na mazoea aliyojijengea, na usharika unaomngoja akirudi mikono mitupu. Tuujenge usharika wa namna hiyo: ambao mtu akirudi mikono mitupu kwa sababu ya dhamiri, hachekwi, na chungu chake hakilali kitupu.